Enoka Masatu na Mashine Iliyoitwa Mvivu

Shemeji yangu Enoka Masatu alikuwa mtu wa kuwasha na kuzima. Katikati hakuwa na kitu. Akilipenda jambo, alilipenda mpaka watu wanamkimbia; akilichoka, ungemkuta mchana kweupe amelala na kofia usoni, na ungemwambia nyumba inaungua angekuuliza ni nyumba ya nani. Dada yangu Helena aliolewa naye akiyajua yote hayo. Sijui alifikiri atambadilisha, au alifikiri nini. Mimi sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sikujificha. Kwetu shemeji na shemeji wanaruhusiwa kutaniana, kwa hiyo nilimwambia ukweli wake wote kwa mtindo wa utani, na yeye akacheka miaka yote bila kugundua kwamba sitanii.

Alizaliwa Kibara, upande wa ziwa, kwenye ukoo wa wavuvi. Baba yake alipompeleka majini, wiki ya kwanza alipiga kasia mpaka ngozi ya viganja ikabanduka, akatangaza kwamba sato wote wa ziwa lile watakoma. Wiki ya pili akasema maji yanampa kizunguzungu. Mzee akamtafutia kazi kwenye jineri moja ya kuchambulia pamba, Bunda, ya kuchochea moto wa boila, na huko ndiko Enoka alikojikuta nyumbani. Boila ikipoa, unatupia kuni mpaka inanguruma. Ikizidi, unaacha kuni na kufungua mvuke, unapiga mluzi mji mzima unasikia. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo, na mtu wa kuwasha na kuzima angeombea nini zaidi?

Uhuru ulipokuja, msimamizi wa Kizungu aliondoka na kuacha kofia yake msumarini. Enoka akairithi kofia, akaurithi na ukali. Ujuzi hakuurithi, kwa sababu haukuachwa msumarini. Tangu hapo alianza kuzungumza na watu huku ameweka mikono kiunoni, hata na dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anamfulia hiyo suruali anayoishikilia.

Siasa ya Ujamaa ilimkuta na ikampenda. Kwenye shamba la pamoja alitangulia kufika alfajiri, akalima kwa nyimbo na kelele, jasho linamtiririka, akamaliza tuta la jirani wakati jirani bado anatafuta jembe. Kisha hakuonekana tena mpaka siku ya kupima pamba. Lakini watu wanakumbuka kelele, hawakumbuki ukimya. Akachaguliwa balozi wa nyumba kumi. Baadaye, kituo cha kuangulia vifaranga kilipofunguliwa Buhare, pale pembeni mwa mji wa Musoma, wakubwa wakauliza nani anajua mambo ya joto, na wote wakamtaja Enoka wa boila. Helena akahamia naye. Mimi nikapata kazi hapohapo ya kupokea mayai, kuyapangusa na kuyamulika kwa taa ili kuona lipi lina uhai. Nilipata kazi hiyo kwa sababu nilimaliza shule, si kwa sababu ya shemeji, ingawa yeye alimwambia kila mtu kwamba ndiye aliyeniingiza.

Mashine ya kwanza ya kituo ilikuwa kabati kubwa la mbao lenye koili za umeme ndani, feni, na kiboksi kimoja cha kudhibiti joto, chenye sindano ya kulipima na mstari wa kuonyesha lifike wapi. Kiboksi kile kilifanana tabia na shemeji yangu. Joto likishuka chini ya mstari, tak, kinawasha koili zote. Likipita mstari, tak, kinazima zote. Koili hata ikizimwa inabaki ya moto kwa muda, kwa hiyo joto lilipanda juu kidogo ya mstari, halafu likashuka chini yake kidogo, likapanda tena, siku nzima, bila kutulia. Vifaranga walipatikana, lakini si wote, na wengine walitoka wakichechemea. Enoka aliipenda mashine ile kama ndugu yake. Alikuwa anakaa mbele yake kwenye kigoda, taa nyekundu ya koili ikiwaka anasema "Fanya kazi," ikizimika anasema "Haya, pumua." Huo ndio ulikuwa utaalamu wake.

Kisha ikaletwa mashine mpya, ya chuma, na kiboksi cha namna nyingine. Fundi aliyekuja kuifunga alitoka Mwanza, jina lake Clementi Ngolo, kijana wa marashi na miwani, anayeongea na watu huku anatazama kucha zake. Alijisikia mno. Lakini alieleza vizuri, lazima nimpe haki yake.

"Kiboksi cha zamani kinajua kuwasha na kuzima tu," alisema. "Hiki kina tabia tatu. Ya kwanza, kinaangalia kimebakisha kiasi gani kufika kwenye mstari. Kikiwa mbali, kinachochea kwa nguvu zote. Kikikaribia, kinapunguza. Kwa hiyo mtaona taa inawaka kidogo, inazimika kidogo, inawaka kidogo. Msishtuke. Ndivyo kinavyopima moto."

"Sawa, mkuu," Enoka akasema.

"Tabia hiyo ikiwa peke yake inaridhika mapema. Sindano itasimama chini kidogo ya mstari na kubaki hapo. Ndiyo maana kuna tabia ya pili. Hii inajumlisha upungufu. Hata upungufu ukiwa mdogo, kadiri unavyodumu, yenyewe inaongeza moto polepole mpaka sindano ifike pale inapotakiwa. Na ya tatu inaangalia mwendo. Joto likipanda mbio, inaanza kushika breki kabla halijafika."

"Sawa, mkuu."

"Sasa nisikilizeni. Tabia ya pili ina hatari yake. Mkiacha mlango wazi, yenyewe haijui kama mlango uko wazi. Inajua tu kwamba kuna upungufu, na itaendelea kujumlisha na kujumlisha. Mkija kufunga mlango, yote iliyoyajumlisha itayatoa kwa moto, na itapita mstari mbali sana kabla ya kutulia. Hiyo breki haitatosha. Kwa hiyo mlango ufunguliwe na kufungwa haraka. Kama ni lazima ukae wazi, kwanza geuzeni swichi hii muongoze moto kwa mkono."

"Nimeelewa, mkuu," Enoka akasema. "Ni kama boila."

"Si kama boila."

"Ndiyo, mkuu. Si kama boila."

Gari la Clementi lilikuwa bado halijaingia barabarani Enoka alipotugeukia na kusema, "Ni kama boila tu. Hawa vijana wanapendaga kukuza mambo."

Mashine yenyewe ilifanya kazi kwa adabu. Sindano ilisimama mstarini kama imepigwa msumari, taa ikikonyeza taratibu. Vifaranga wa mkupuo wa kwanza walitoka wengi na wazima, na mkupuo wa pili vilevile. Enoka akachoka. Hapakuwa na kuni za kutupia wala mvuke wa kufungua, na mtu kama yeye asipokuwa na kitu cha kupigia kelele anajiona kama hayupo.

Ndipo akaja Leonardi Kwangu, Katibu Kata. Huyu naye alikuwa na maarifa yake. Alisimama mbele ya mashine muda mrefu, mikono nyuma, akitazama ile taa nyekundu.

"Balozi," akasema, "hii mashine inafanya nini?"

"Inaangua mayai, Katibu."

"Naona. Lakini mbona inazimika?"

"Inapunguza kidogo, Katibu. Halafu inawaka."

"Inapumzika, siyo?" Leonardi akageuka. "Wananchi wanaamkaga alfajiri kwenda shamba la pamoja, halafu mashine iliyonunuliwa kwa jasho lao inapumzika? Muda mrefu imezima kuliko muda imewaka. Mimi nimehesabu kwa macho yangu."

Nikaona nisinyamaze. Nikamwambia, "Katibu, ikiwaka moja kwa moja mayai yataiva."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. "Dada, kazi haijawahi kuua mtu," akasema, akaandika kwenye kijitabu chake.

Mnacheka? Mimi nilikuwepo. Kamati ya kituo iliitwa, watu wazima wenye ndevu na wake na watoto, wakakaa kwenye mabenchi kujadili uzembe wa mashine. Mmoja akauliza kama ina nasaba na wanyonyaji. Mwingine, mzee aliyelala nusu ya mkutano, aliamka na kupendekeza ipewe onyo kwanza. Azimio likapita kwa mikono yote: taa ionekane inawaka wakati wote wa kazi, na balozi Enoka ndiye atakayewajibika. Enoka alitoka mle ndani amenyooka, mikono kiunoni, amepata tena boila yake.

Siku mbili tatu alihangaika na vifundo vya kiboksi, akavizungusha huku na huku, na taa bado ikakonyeza. Kisha akagundua ujanja wake mwenyewe, ambao ndio uliokuwa ugunduzi pekee wa maisha yake yote. Ukifungua mlango wa mashine kidogo tu, ukaweka gunzi la mahindi ili usijifunge, baridi inaingia, joto haliufikii mstari, na taa inawaka moja kwa moja bila kuzimika hata mara moja. Tangu hapo, kila Leonardi alipoonekana anakuja na baiskeli yake, Enoka alikimbia na gunzi.

"Unaona sasa?" Leonardi akasema. "Ilikuwa inahitaji usimamizi tu."

Bahati yetu Leonardi hakuwa mtu wa kukaa sana. Alitazama, akasifu, akaondoka. Gunzi likatolewa, joto likapanda juu kidogo ya mstari, kisha likatulia. Nilimwambia Enoka, "Shemeji, yule fundi alisema nini kuhusu mlango?" Akacheka. Akasema wanawake wa kwetu tunaogopaga mpaka kivuli cha jiko.

Sasa nimtaje mama yangu, kwa sababu bila yeye habari hii ingekuwa kichekesho tu.

Mama yangu, Wankyo, alikuwa mjane, anakaa upande wa Butiama. Operesheni ya kuhamia vijijini ilimtoa kwenye boma la marehemu baba na kumweka kwenye mstari wa nyumba pamoja na watu wengine. Boma likabaki porini. Kitu alichotoka nacho kilikuwa kuku, mbegu aliyokuja nayo siku alipoolewa, kuku wenye shingo tupu na miguu mirefu, wanaojua kujitafutia na kumkimbia mwewe. Huko bomani kila mtu alikuwa na kuku wake mbali na mwenzake. Kijijini wakawekwa mdomo kwa mdomo, na ugonjwa wa kideri ulipoingia ukapita nyumba kwa nyumba kama karani wa sensa. Kuku wa kijiji karibu wote wakaisha. Kwa mama wakabaki matetea wachache na jogoo mmoja.

Aliposikia kwamba kituo cha Buhare kinaangulia watu wa vijijini mayai yao na kuwachanja vifaranga kabla ya kuwarudisha, akakusanya mayai ya matetea wale, akayafukia kwenye makapi ya ulezi ndani ya kikapu, akapanda lori la pamba mpaka Musoma akiwa amekipakata.

Enoka, kumbukeni, alikuwa mkwe wake. Kwetu mama hamtazami mkwewe usoni. Hamwiti jina, hali naye, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si ugomvi, ni heshima, na mama aliishika kuliko wanawake wote ninaowajua. Alipofika kituoni aliketi nje ya chumba cha mashine, amegeuza mgongo mlangoni, kitenge kimefunika kichwa. Enoka akasimama ndani, nyuma ya mlango. Mimi nikawekwa katikati.

"Mwambie huyo bwana wa dada yako," mama akasema, "mayai haya ni ya wale kuku wa bomani. Sina mengine."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," Enoka akasema. "Mwambie mashine hii inafanyaga kazi kuliko watu."

"Mwambie nashukuru. Mwambie ayaangalie kama ni watoto wa Helena."

"Mwambie nimesikia."

Heshima ile ilikuwa nzuri, lakini ilimfaa Enoka kupita kiasi. Mtu akiwa hatazamwi usoni, anaahidi chochote. Niliyaweka mayai kwenye trei yake peke yake, nikaandika jina la mama kwa penseli kwenye kila ganda. Mama akarudi kwake bila kumwona mkwewe hata unyayo.

Nilipoyamulika baada ya siku kadhaa, mishipa ilikuwa imetanda vizuri, na katikati doa dogo linarukaruka. Nilifurahi mpaka nikamwita Helena aje kuona. Wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka Butiama, kwa mdomo wa dereva wa lori: kideri kimerudi. Matetea wa mama wamekufa wote, na jogoo naye. Mama alinitumia ujumbe mmoja tu kwa dereva yule, akaniuliza kama yale mayai bado yana uhai. Nikamjibu yana uhai. Mbegu yote sasa ilikuwa ndani ya mashine ya Enoka, na Enoka nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, bila utani wowote.

"Shemeji," akasema, "nimekuambia usiwe na wasiwasi."

Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa tulipotangaziwa wageni. Wakubwa kutoka mkoani, wa Chama na wa kilimo, wanakuja kuona kituo ambacho mashine yake imeacha uvivu. Leonardi ndiye aliyekuwa ameisambaza sifa hiyo. Enoka akapaka kuta chokaa. Akapaka chokaa na mawe ya njiani, na mti, na kidogo angempaka Helena.

Wageni walijaa chumbani wanatoa jasho, na mlango wa mashine ukawekwa wazi, si kwa gunzi safari hii bali wazi kabisa, ili wakubwa waone trei ndani. Taa iliwaka nyekundu, haitikisiki. Leonardi akasimama kuhutubia. Akaanza na ukoloni. Akaja kwenye Uhuru, akapumzika kwenye Azimio, akapita kwenye pamba, na wakati anafika kwenye kuku sindano ilikuwa imelala chini kabisa na feni inatupulizia sote joto la mayai usoni. Nilimwendea Enoka nikamnong'oneza, "Shemeji, funga mlango. Au geuza ile swichi."

"Huoni taa inavyowaka?" akaninong'oneza naye, macho yanang'aa. "Tazama wanavyoitazama!"

Baada ya Leonardi akahutubia mgeni. Baada ya mgeni, mgeni mwingine akashukuru. Muda wote huo kiboksi kilikuwa kinajumlisha, kama kilivyofundishwa, bila kujua kama kuna mlango wala hotuba. Hatimaye wakapiga makofi. Enoka akafunga mlango wa mashine, akawatoa watu, akafunga na chumba kwa kufuli ili mtu asiguse kitu, akatia ufunguo mfukoni, na wote wakaelekea kwenye ukumbi kula.

Mimi nilibaki kwenye kioo cha chumba. Niliiona sindano inapanda, nikafurahi. Ikafika mstarini. Taa ilipaswa kuanza kukonyeza, lakini haikukonyeza, iliwaka tu. Sindano ikapita mstari na taa bado inawaka, ikapita mbali, na kengele ya hatari ikaanza kulia mle ndani. Nikakimbia ukumbini. Kengele ilisikika mpaka huko, na wageni walikuwa wameacha kutafuna.

"Ni nini hiyo, Balozi?" mmoja akauliza.

Enoka alinyanyuka na kipande cha sato mkononi. Namkumbuka vizuri sana. "Msishtuke, ndugu wageni," akasema. "Mashine imevuka lengo."

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi, na mmoja wao akasema ndiyo maana tulipigania Uhuru. Nilimvuta shemeji yangu shati. Akanitoa mkono huku anatabasamu kwa wageni, akaniambia kwa meno yaliyobanwa, "Usinitie aibu mbele za watu. Nakuja." Nikamwomba ufunguo. Akasema ufunguo wa Serikali haushikwi na kila mtu. Nilirudi nikaligongagonga lile kufuli kwa jiwe mpaka mlinzi akaja kuniondoa.

Enoka alikuja soda zilipokwisha. Alipoiona sindano, mikono ilimtoka kiunoni. Akazima kila kitu. Akafungua milango yote, akamwaga ndoo ya maji sakafuni, akapepea kwa kofia ya Mzungu. Sindano ikaporomoka chini ya mstari. Akaogopa, akawasha kila kitu. Ikapanda, akazima. Hivyo ndivyo alivyoifundisha mashine nzuri ile tabia ya boila ya Bunda. Jioni, alipochoka na kuiacha, ikajituliza yenyewe, sindano ikasimama sawasawa mstarini na taa ikaanza kukonyeza.

"Umeona?" Enoka akaniambia, anajipangusa uso. "Sindano iko palepale. Hakuna kilichoharibika."

Nilichukua taa nikamulika mayai ya mama. Siku iliyotangulia vifaranga walikuwa wanacheza ndani, ukimulika unaona kivuli kinajigeuza. Sasa kila yai lilikuwa jeusi na limetulia. Nikamwambia aje aone.

"Wamelala," akasema.

"Wote?"

"Wamechoka na kelele za wageni. Na wewe acha kumtumia mama maneno ya kumtia presha."

Ndivyo alivyosema. Nilimchukia siku ile kwa chuki ambayo mpaka leo sijaitafutia dawa.

Kilichompata Enoka kazini nakisema upesi, kwa kuwa ni kifupi na cha kijinga. Kamati ilikaa ikachunguza. Ikaona kwamba mashine, baada ya kukaripiwa, ililipiza kisasi. Ikazimwa na kupelekwa stoo, ikafunikwa turubai. Ile ya mbao ikarudishwa kazini, na Enoka akaletewa barua ya pongezi kwa kuudhibiti moto, akaitundika sebuleni kwa Helena. Leonardi alipandishwa cheo. Clementi alipopita miezi mingi baadaye na kusikia habari yenyewe, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaomba apelekwe stendi.

Lakini kabla ya hayo yote ilifika siku ya kuangua, na mama alikuja. Alikuja na kikapu kilekile cha makapi, na ndani yake ametandika pamba mpya, aliyoichambua mwenyewe kwa vidole, ili vifaranga wasipate baridi njiani. Akaketi nje ya mlango, akatupa mgongo, akavuta kitenge kichwani. Helena alikuwa amesimama uani analia tayari. Ndani kulikuwa kimya. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na mayai siku ya kuangua anajua chumba kinavyotakiwa kusikika.

"Mbona siwasikii?" mama akaniuliza.

Enoka akajibu kutoka nyuma ya mlango.

"Mwambie mama kulikuwa na tatizo la mashine."

Sikumwambia.

"Mwambie hata umeme wa Musoma nao siku hizi si mzuri. Mwambie kuna watu hawataki maendeleo. Mwambie Serikali italeta kuku wengine, wa kizungu, wanatagaga kila siku. Shemeji, si umwambie!"

Mama akasimama. Akavua kitenge kichwani, akakifunga kiunoni kama mwanamke anayekwenda shamba, akageuka. Helena alimwona akapiga kelele, "Mama, hapana!" lakini mama alishaingia ndani. Alimpita Enoka kwa bega, akavuta ile trei ya mayai yenye jina lake, akaiweka mezani. Halafu akamtazama mkwewe usoni. Tangu amwoze binti yake, hakuwahi kumtazama. Enoka alijaribu kurudi nyuma, akakutana na ukuta alioupaka chokaa mwenyewe.

"Enoka," mama akasema.

Jina lile kwenye mdomo ule lilikuwa jambo la kutisha. Nilimwona shemeji yangu, mtu mzima, anavua ile kofia ya Mzungu.

"Vunja moja nione."

Hakukuwa na wa kumpelekea maneno tena. Akachukua yai, akaligonga ukingoni mwa meza, akalibandua. Kifaranga alikuwa kamili, ana manyoya, ana kucha, shingo tupu kama ya kuku wa bomani, mdomo umeelekea kwenye ganda. Enoka akamweka mezani taratibu, akainua macho.

"Basi, mama," akasema. "Nimekosa, mama."

Mama alivuta kigoda cha Enoka, kile cha kukalia mbele ya taa, akaketi akiwa amemwelekea.

"Lingine," akasema.

Akavunja lingine. Mama akatazama kilichokuwamo, kisha akamtazama yeye. Trei ilikuwa imejaa, na mama hakuwa na haraka.